Tangazo likae fasi ya tangazo: kutafuta makuta bila kumwibia msomaji

Maneno haya yalisemwa Butembo, mbele ya vijana wanaoandika habari na kuendesha tovuti ndogo za mji. Tumeyaacha vile yalisemwa, tumepunguza tu marudio.

 

Leo sikuja kuwafundisha kutajirika. Mwenye alikuja juu ya hiyo, mlango uko wazi, motari bado wako pale inje. Nimekuja kusema juu ya makuta madogo: makuta ya kulipia tovuti kila mwaka, ya kununua mega, ya kumlipa motari anayebeba mwandishi wetu mpaka Kalunguta na kumrudisha. Makuta hayo wengi wetu tunayatafuta kwa piblisite. Na swali langu ni moja tu: ile piblisite tunaiweka fasi gani, kusudi ituletee kitu bila kumwibia mtu anayetusoma?

Niwaeleze kwanza kosa letu wenyewe. Ni vizuri kuanza na lako mbele ya kuonyesha la mwingine.

Miaka michache nyuma, mimi na rafiki zangu wawili tulikuwa na tovuti. Kila asubuhi tuliandika mambo ya kawaida: barabara gani imekatika, maharagi sokoni ni bei gani, nani anatafuta mfanyakazi. Ukurasa wa kazi ndio watu walisoma kuliko yote. Tukasema: kama watu wako pale, piblisite nayo iende pale. Tukaipachika katikati, kati ya tangazo la kazi na fasi ya kufinya kwa kuomba ile kazi. Rangi ileile, herufi zilezile. Wiki ya kwanza makuta yakapanda. Tulifurahi kabisa, tukanunua soda.

Nyuma ya siku chache, mama mmoja akatutafuta. Akasema: "Mutoto yangu, kijana yangu alifinya kwenu, fasi imeandikwa omba hapa. Bakamuomba dola makumi tatu ya dosie. Akabatumia. Sasa kazi iko wapi?"

Tukafungua telefone, tukaangalia. Ile "omba hapa" haikuwa yetu. Ilikuwa piblisite ya watu hatuwajui, wa inchi hatuijui. Tukamwambia: "Mama, ile si sisi, ile ni piblisite." Akatuangalia, akajibu: "Mimi najua piblisite ni nini? Ilikuwa kwenu."

Ilikuwa kwenu. Hatukuwa na jibu. Tulimrudishia zile dola, na makuta ambayo ile piblisite ilituletea wiki ile hayakufika hata nusu yake.

Ndugu zangu, sisi ni vijana tunaosimama mbele ya ofisi na karatasi mkononi tukiuliza makuta ya watu yanaenda wapi. Halafu tunarudi nyumbani tunatega mtego ku tovuti yetu, anaanguka mtoto wa mama asiye na kazi. Mimi naona ni jambo lilelile. Ukubwa tu ndio tofauti.

Sasa tuangalie hii biashara inatumika namna gani, juu ukijua makuta yanatoka wapi, utajua pia kwa nini ujanja haulipi.

Tovuti nyingi ndogo zinapitia AdSense ya Google, huduma iliyoanza mwaka 2003. Wewe unatoa fasi ku ukurasa, Google inatafuta mwenye tangazo, yeye analipa, nanyi mnagawana. Huwezi kupokea mpaka ufikishe dola 100. Kwa tovuti ya mji mdogo, hizo dola 100 zinaweza kuchukua miezi mingi, kwa hiyo mtu anaingiwa na haraka. Haraka ndiyo inaleta ujanja: kuweka tangazo karibu na fasi ya kufinya, kuwaambia marafiki "finyeni, mnisaidie", kufinya mwenyewe usiku. Haya yote yamekatazwa ku kanuni zao, wazi kabisa. Wanaweza kutosha makuta ya ile mifinyo, na wanaweza kufunga konti na yale uliyokuwa umekusanya. Miezi yako inaenda na maji.

Tena, tangu mwanzo wa 2024 AdSense ilibadilisha namna ya kulipa. Mbele, tovuti nyingi zililipwa zaidi kwa mfinyo. Sasa hesabu inafuata mara ngapi tangazo limeonyeshwa. Sikieni vizuri: kuchunga kidole cha mtu kusudi kiteleze, ile hesabu ni ya zamani. Kinachotafutwa sasa ni macho ya mtu anayebaki.

Na macho nayo yana kipimo. Ku hii kazi wanasema tangazo la picha limeonekana kama nusu yake imekuwa mbele ya msomaji kwa sekunde 1, na la video sekunde 2. Mwaka 2014 Google yenyewe ilichunguza ikakuta zaidi ya nusu ya matangazo iliyopima hayakuonekana na mtu yeyote. Na fasi iliyoonekana zaidi haikuwa kule juu kabisa. Ilikuwa chini kidogo, karibu na fasi kioo kinaishia mbele mtu hajaanza kushusha. Juu ya nini? Juu mtu akifungua ukurasa, anakimbilia habari. Kichwa cha ukurasa anakipita sawa vile unapita mlango wa mtu usiyemjua.

Kwa hiyo yule anayejaza matangazo matatu kule juu, habari ikafichama chini sawa mtu chini ya kitanda, anapoteza mara mbili. Matangazo hayaonekani, na msomaji anachoka.

Hata wale waliotengeneza haya mambo walikuja kujuta. Kijana mmoja wa Marekani, Ethan Zuckerman, alitumika ku kampuni ya Tripod miaka ya 1990. Yeye ni mmoja wa walioandika programu ya lile dirisha la piblisite linaloruka mbele ya uso wako bila kuitwa. Nia yake haikuwa mbaya: alitaka tangazo la mfanyabiashara litengane na ukurasa wenye mambo machafu. Mwaka 2014 aliandika hadharani akaomba radhi. Mjue tu kwamba hata kwa nia nzuri, ukisahau msomaji unatengeneza kitu ambacho dunia nzima inachukia.

Sasa tuingie kazini. Ile siku ya yule mama tulikaa chini, tukaandika masharti sita. Nitawapa yote. Mchukue, mbadilishe, mtupe yale hayawafai.

La kwanza: jina. Juu ya kila piblisite tunaandika TANGAZO, herufi zinazosomeka ku telefone ya bei ndogo. Si rangi ya kijivu juu ya kijivu. Mtu ajue kabla ya kufinya, si nyuma.

La pili: umbali. Tangazo halikai karibu na fasi mtu anafinya kwa kazi yake: kupiga simu, kupakua, kwenda mbele, kuomba kazi. Halifanani na sisi kwa rangi wala kwa herufi. Hili pia ni kanuni ya Google: tangazo lisijifanye menyu wala fasi ya kupakua.

La tatu: fasi iliyokwisha kuandaliwa. Mnajua ile hali: unasoma, unataka kufinya habari, ghafla tangazo linafika limechelewa, maneno yote yanashuka, kidole kinaangukia piblisite. Wengi wanafikiri ni mtandao mubaya. Kumbe ni uvivu wa mwenye tovuti. Mwambie anayekutengenezea tovuti aache nafasi ya urefu kamili mbele tangazo halijafika. Kazi ya nusu saa. Ile kurukaruka inapimwa pia, na ni moja ya mambo Google inaangalia ikipanga nani aonekane mbele ku utafutaji.

La ine: kiasi. Kuna muungano wa kampuni za matangazo na za mtandao, Coalition for Better Ads. Mwaka 2017 uliuliza watu wengi matangazo gani yanawafukuza, ukatoa orodha. Ku telefone, orodha inakataza madirisha yanayoruka, video inayojipigisha na sauti, matangazo yanayopepesapepesa, na yale makubwa yanayobaki yamenata ku kioo. Tena inasema matangazo yasipite asilimia 30 ya urefu wa habari. Chrome ilianza kuzuia matangazo ya tovuti zinazovunja haya mwaka 2018 Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na tangu Julai 2019 dunia nzima. Sisi tulijipa kipimo chepesi: habari fupi, tangazo moja, habari ndefu, mawili, na la kwanza linakuja nyuma ya aya ya pili au ya tatu, wakati mtu amekwisha kutulia.

La tano: uzito. Hapa kwetu msomaji analipa mara mbili. Analipa na macho, analipa na mega. Mtu amenunua mega za franka 500 kusudi ajue kama barabara iko wazi, wewe unamtumia video ya sabuni inakula zote kabla habari haijafunguka. Huyu umemtosha makuta mfukoni, hata kama hukumgusa. Kwetu video haingii. Picha za maduka tunayauzia sisi wenyewe hazipiti kilobaiti 150, na tangazo la chini halipakuliwi mpaka msomaji akaribie pale.

La sita, na hili ndilo gumu: kuna kurasa hatuuzi. Mnajua tunaishi wapi. Kuna asubuhi watu wote wanafungua telefone kusudi wajue nani ameuawa usiku, kijiji gani, kama ndugu yao yuko ku orodha. Zile kurasa ndizo zinasomwa kuliko zote. Na ndizo zingeleta makuta kuliko yote. Sisi tunazitosha matangazo. Tanzia, habari ya shambulio, onyo la kukimbia, onyo la ugonjwa: hakuna piblisite. Mwenzangu mmoja alikataa siku ya kwanza, akasema: "Yaya, hiyo njo siku yetu ya kupata." Nikamuuliza: kama jina ku ile orodha ni la mama yako, ungependa karibu yake kuwe picha ya bia? Akanyamaza. Mpaka leo hajauliza tena.

Fasi tumeimaliza. Lakini fasi nzuri na tangazo la mwizi, bado ni wizi. Tunakubali nani?

AdSense inakupa njia ya kufunga aina fulani za matangazo. Kuna aina inaitwa kutajirika haraka. Ifungeni leo. Angalieni pia dawa na vidonge, mambo ya kubadilisha mwili, na michezo ya bahati. Wengi hawajafungua hata siku moja ule ukurasa, halafu wanasema "mashini ndiyo inachagua". Mashini inachagua kati ya vile umeiachia.

Kuna pia jambo la kumfuata msomaji. Matangazo mengi yanatumia kafaili kadogo kanaitwa kuki, kanakaa ku telefone ya mtu na kusema huko na huko alipita wapi. Wengi wanaamini bila kumfuata mtu hakuna makuta. Angalieni Uholanzi. Ster, inayouza matangazo ya televisheni na redio za umma kule, iliacha kuki mwaka 2020. Ikaanza kuuza kwa kufuata ukurasa unasema nini: habari ya mpira, tangazo la viatu vya mpira. Mapato yake ya mtandaoni yakapanda, hayakushuka. Na sisi Kongo tangu Machi 2023 tuko na sheria ya mambo ya dijitali, Kodi ya Numeriki, inayolinda habari za mtu binafsi. Yule anayekusanya habari za wasomaji bila kuwaambia asiseme hakujua.

Njia ya Ster inatufaa sisi kuliko Google inavyotufaa, juu tunajua mji wetu. Mwenye duka la vipuri vya piki anatafuta motari. Motari anasoma ukurasa wetu wa barabara kila asubuhi. Kwa nini hawa wawili wakutane kupitia kampuni ya California? Nenda umwone mwenye duka. Tuseme analipa dola 20 kwa mwezi. Maduka matano ya namna hiyo ni dola 100, zile zile ulizokuwa unangojea kwa miezi. Na huyu unamjua uso. Akidanganya watu, unajua mlango wake.

Lakini hapa kuna shimo lingine, na sisi wote tunalijua kwa jina: kupaji. Mkubwa anaita waandishi, anazungumza, mwishoni bahasha inapita mkono kwa mkono, kesho yake habari inatoka tamu sawa asali. Ku tovuti kupaji imevaa nguo mpya. Mtu anakuambia: "Petit, andika habari juu ya shirika langu, nitakulipa sawa piblisite, lakini usiandike tangazo." Ile sentensi ya mwisho ndiyo inasema yote. Analipa kusudi msomaji asijue. Anachonunua pale ni jina lako, fasi ni kisingizio tu.

Kwetu jibu ni fupi. Maneno yaliyolipwa yanapata TANGAZO juu, yanapata kifungu chao, na anayeandika habari siye anayezungumza bei. Bei iko wazi ku tovuti, ni moja kwa wote: mwenye chama kikubwa, mwenye chama kidogo, yule tunampenda na yule tunamkosoa. Na akilipa, hatumkosoi kidogo. Mwenye kutaka ukimya, aende kuununua fasi nyingine. Njia ya mwongo ni fupi.

Na mwisho, hesabu. Kila miezi mitatu tunaandika ku ukurasa wetu: tumepata ngapi, kutoka kwa nani, tumeitumia namna gani. Mara ya kwanza tuliona haya, juu makuta yenyewe yalikuwa kidogo. Lakini tunaomba meya aonyeshe kodi ya soko imefanya nini. Tutamuomba na mdomo gani kama sisi hatuwezi kuonyesha dola zetu 60?

Sitawadanganya. Mwezi wa kwanza nyuma ya kubadilisha, makuta yalishuka. Wa pili pia. Mwenzangu alikuwa ananiangalia na jicho moja. Kisha kidogo kidogo watu wakaanza kubaki ku ukurasa muda mrefu, juu ulikuwa unafunguka haraka na hauruki. Lile tangazo la katikati ya habari likaanza kuonekana kweli. Na mwenye duka moja la vipuri akaja mwenyewe, hatukumwita, akaomba fasi ya mwaka mzima. Tulimuuliza kwa nini. Akasema: "Mimi nasomaka kwenu. Sijaonaka bujinga." Hatukutajirika. Tunalipa tovuti kwa wakati, tunalipa motari, na mwandishi wetu anapata kitu kila mwezi. Mbele hatukuweza hata hayo.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Kesho asubuhi, mbele ya kuandika habari yoyote, azima telefone ya bei ndogo. Nunua mega za franka 500 na makuta yako mwenyewe. Fungua tovuti yako sawa mtu usiyejijua. Angalia habari inaanza wapi. Angalia kidole chako kinaangukia nini. Angalia mega zimebaki ngapi. Kile kitakukasirisha, kitoshe siku ileile, usingoje mkutano.

Na yule mama? Anatusoma bado. Siku moja alituma ujumbe mfupi: "Naona sasa munaandikaka tangazo. Njo muzuri. Kijana alipata kazi, lakini si kwenu." Tulicheka sana.

 Sasa maswali, na mwenye kupinga aanze.